Binti Anayebalehe na Hasira Zake: Jinsi ya Kujua Lipi ni la Homoni na Lipi Si la Homoni

Kabla hujaamua kwamba binti yako ameota pembe, na kabla hujajiambia kwamba ni homoni tu zitapita, mnunulie daftari dogo.

Hukumu zote mbili zina madhara. Ya kwanza huleta fimbo na maneno makali kwa mtoto ambaye huenda damu imempungua au halali vya kutosha. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), au mtu mzima anayemsumbua binti njiani, hujificha miezi mingi nyuma ya maneno "ni umri tu". Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, shangazi, somo (mwanamke anayemfunda binti aliyebalehe) au mwalimu wa malezi anayetaka kutofautisha mambo haya. Kazi yake kubwa ni moja: kuandika kila siku kwa mizunguko mitatu ya hedhi. Mengine yanaegemea hapo.

Kinachotokea mwilini

Kubalehe hakuanzi siku ya kuvunja ungo. Huanza kati ya miaka 8 na 13, pale chini ya chuchu kunapoota kinundu kigumu kinachouma kikiguswa, mara nyingi upande mmoja kwanza. Hedhi ya kwanza hufuata baada ya miaka miwili hadi miwili na nusu. Mama anayesubiri damu ndipo aongee na mwanawe amechelewa kwa muda huo wote, na ndiyo miaka ambayo machozi ya ghafla na kununa huanza kuonekana. Ongea naye kinundu kinapoota, hata kama ana miaka 9.

Amri hutoka kwenye ubongo. Sehemu iitwayo haipothalamasi hutuma homoni kidogo kidogo, kwa vipindi, kwenda tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH, zinazoziamsha ovari zitengeneze estrojeni. Mwanzoni vipindi hivyo hutokea zaidi usiku, binti akiwa amelala. Kando ya hayo, tangu miaka 6 hadi 8, tezi zilizo juu ya figo huwa zimeshaanza kutoa homoni zinazoleta harufu ya kwapa, vinyweleo na chunusi. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu anaweza kunuka jasho la mtu mzima kabla matiti hayajaota.

Katika mwaka wa kwanza au miwili ya hedhi, mizunguko mingi hupita bila yai kupevuka. Estrojeni hupanda na kushuka bila ratiba, na hasira nazo hazina ratiba. Yai likianza kupevuka kila mwezi, mambo hubadilika: baada ya yai kutoka, homoni nyingine iitwayo projesteroni hupanda kwa siku kadhaa, kisha yenyewe na estrojeni hushuka kwa kasi siku chache kabla ya damu. Projesteroni ikivunjwa mwilini huacha kemikali inayofanya kazi kwenye vipokezi vya ubongo vinavyohusika na utulivu. Kwa wengi kemikali hiyo hutuliza. Kwa baadhi, kupanda na kushuka kwake huleta kinyume: wasiwasi, hasira, machozi. Estrojeni inaposhuka, serotonini nayo huyumba, na serotonini ni mojawapo ya kemikali zinazoshikilia hali ya moyo na usingizi.

Hapa pana jambo ambalo lingeokoa fedha za familia nyingi. Wasichana wanaoteseka sana kabla ya hedhi kwa kawaida hawana homoni nyingi kuliko wenzao. Viwango vyao kwenye damu ni vya kawaida. Ubongo wao ndio unaoitikia kwa nguvu mabadiliko yale yale. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha dalili za kabla ya hedhi. Anayekuuzia kipimo cha homoni ili kukueleza sababu ya hasira za binti mwenye hedhi ya kawaida anakuuzia karatasi. Kipimo ni daftari.

Homoni pia hazifanyi kazi peke yake. Sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, raha na jinsi binti anavyoonwa na wenzake huamka mapema katika kubalehe; sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia ulimi, hukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo sababu neno dogo la rafiki humwumiza kuliko karipio la baba, na ndiyo sababu hawezi kukueleza saa ile ile kwa nini amelia. Hakufichi. Hajui bado.

Daftari la siku

Aandike binti mwenyewe, si wewe. Mzazi anayejaza kwa kukumbuka kila Jumapili hukumbuka siku mbaya tu, na daftari hugeuka hati ya mashtaka. Mweleze kwamba ni lake, halisomwi mbele ya kaka zake, na kwamba mtalisoma pamoja mwisho wa mwezi akikubali. Aandike kabla ya kulala. Dakika mbili zinatosha. Kila siku mstari mmoja wenye mambo haya:

- tarehe, na kama kuna damu: hakuna, matone, kawaida, nyingi
- hasira, huzuni, wasiwasi na maumivu, kila kimoja kwa namba: 0 hakuna, 1 kidogo, 2 imenisumbua, 3 nimeshindwa kufanya shughuli zangu
- saa aliyolala na saa aliyoamka
- kama alikula asubuhi, na alikula nini
- tukio la siku kwa maneno matatu au manne: "mtihani wa hisabati", "nimegombana na Asha", "mjomba amekuja"

Safu ya mwisho usiiache, hata kama inaonekana ndogo. Mara nyingi ndiyo inayofichua kwamba hasira zinafuata somo fulani, mwalimu fulani au mgeni fulani, wala hazifuati mwezi.

Siku ya 1 ya mzunguko ni siku ya kwanza ya damu nyekundu inayohitaji pedi. Matone ya kahawia hayahesabiwi. Mzunguko mmoja ni kutoka siku hiyo hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa msichana wa miaka ya mwanzo, siku 21 hadi 45 ni kawaida, na damu ya siku 2 hadi 7 ni kawaida. Usimtishe kwa sababu hafuati siku 28.

Kulisoma daftari

Mkimaliza mizunguko miwili mtaona dalili za mwelekeo. Mitatu ndiyo yenye kuaminika. Linganisheni vipande viwili: siku 5 za mwisho kabla ya damu, na siku ya 6 hadi ya 10 baada ya damu kuanza.

Tuseme damu ilianza tarehe 14 Machi, na nyingine ikaanza tarehe 18 Aprili. Mzunguko huo ni wa siku 35. Siku 5 za kabla ni tarehe 13 hadi 17 Aprili. Namba za hasira ni 2, 2, 3, 3, 2, jumla 12. Siku ya 6 hadi ya 10 ni tarehe 23 hadi 27 Aprili. Namba ni 0, 1, 0, 0, 1, jumla 2. Tofauti hiyo ikijirudia mizunguko mitatu, na dalili zikiisha ndani ya siku 4 tangu damu kuanza, na zisirudi hadi angalau siku ya 13, hizo ni dalili za kabla ya hedhi. Sasa una haki ya kutaja homoni.

Kama namba ziko juu mwezi mzima, zikapanda zaidi kabla ya damu, hilo ni jambo jingine: kuna tatizo la msingi, sonona au wasiwasi, na hedhi inalichochea. Linatibiwa lile la msingi kwanza. Kama namba hazina mpangilio wowote, tazama safu ya usingizi, ya chakula na ya matukio kabla hujasema lolote.

Makosa yanayoharibu hesabu ni machache, ila yanajirudia kila mahali. La kwanza ni kuhesabu siku 14 kutoka mwanzo wa damu na kudhani ndipo yai linapotoka. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya damu *inayofuata*; katika mfano wetu ni karibu tarehe 4 Aprili, siku ya 22 ya mzunguko. Kwa kuwa msichana wa umri huu hajui damu inayofuata itakuja lini, "siku salama" kwake hazipo, na ni vizuri aambiwe hivyo waziwazi. La pili ni kuacha baada ya mwezi mmoja. La tatu ni kusahau dawa: sindano au kijiti cha uzazi wa mpango hubadilisha damu na kufanya kalenda isisomeke, na baadhi ya dawa za kifafa na za kufubaza virusi vya UKIMWI huweza kugusa usingizi na hali ya moyo. Dawa hizo hazikatizwi nyumbani; mwulize aliyeziandika.

Usingizi

Hili ndilo linalosingiziwa homoni kuliko yote, ingawa homoni moja inahusika kweli. Katika kubalehe, melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku, huanza kutoka kwa kuchelewa saa moja hadi mbili. Binti aliyekuwa akisinzia saa mbili na nusu usiku sasa hasikii usingizi hadi saa nne. Si ukaidi. Tatizo ni kwamba kengele ya asubuhi haikuchelewa pamoja naye.

Kati ya miaka 13 na 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Piga hesabu ya bweni: masomo ya usiku yakiisha saa nne na kengele ikilia saa kumi na nusu alfajiri, amelala saa 6 na nusu, hata kama alisinzia papo hapo. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kumfanya mtoto mpole awe mkali. Mzazi mwenye nafasi kwenye kikao cha shule alisemee hili. Ni suala la afya kama maji na vyoo.

Nyumbani, simu ilale sebuleni saa moja kabla ya kulala, na ya mzazi ilale hapo hapo, vinginevyo amri haitadumu. Asubuhi atoke nje kwenye mwanga mapema, hata kama ni kufagia uwanja, kwa kuwa mwanga wa asubuhi huisogeza saa ya mwili ili usingizi uje mapema zaidi usiku. Mchana apumzike dakika 20 hadi 30, kabla ya saa kumi alasiri. Jumamosi na Jumapili asipitilize zaidi ya saa mbili kuliko siku za shule, la sivyo Jumapili usiku hatalala na Jumatatu nyumba nzima itajua.

Chakula na damu

Mwaka mmoja kabla ya hedhi ya kwanza msichana hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote tangu utoto, karibu sentimita 8 kwa mwaka kilele kinapofika. Njaa yake ni ya kweli. Chai ya rangi na andazi moja saa kumi na mbili asubuhi hazimfikishi saa nne akiwa na utulivu. Yai, maharage ya jana, kiporo cha wali na dagaa, uji wenye karanga: kimojawapo kiingie kabla hajatoka.

Hedhi ikianza, madini ya chuma hupotea kila mwezi. Upungufu wa damu huonekana kama uvivu na kisirani: anachoka ngazi mbili, hasomi, anajibu kwa ukali, anatamani kula udongo au barafu. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Kipimo hiki ni rahisi na kipo hata vituo vidogo. Hiki ndicho cha kulipia. Wakati huo huo wapime malaria na minyoo.

Dagaa, maini, nyama, maharage na mboga za majani zinampa madini ya chuma. Kamulia ndimu au mpe chungwa pamoja na chakula, maana vitamini C husaidia madini yaliyo kwenye maharage na mboga kufyonzwa. Chai na kahawa huzuia, kwa hiyo zisogee saa moja mbali na mlo. Mahali ambapo upungufu wa damu umeenea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wasichana walioanza hedhi wapewe kila wiki kidonge chenye miligramu 60 za madini ya chuma na miligramu 2.8 za asidi ya foliki. Uliza kliniki au shuleni kama vinatolewa.

Maumivu ya tumbo la hedhi

Binti anayeumwa hana subira na mtu. Maumivu hutokana na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazokaza misuli ya mji wa mimba. Ibuprofen huzuia zisitengenezwe, na ndiyo maana inafaa inywewe maumivu yanapoanza au damu inapoonekana. Akisubiri hadi ajikunje, prostaglandini zimeshatoka. Kwa wa miaka 12 na zaidi ni miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila saa 6 hadi 8, isizidi 1,200 kwa siku bila agizo la daktari, kwa siku 2 au 3. Asipewe mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, anayeweza kuwa mjamzito, wala mwenye homa inayoshukiwa kuwa dengi. Hao wamwone mtaalamu kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, chini ya kitovu, husaidia kweli.

Pedi ziwe mahali panapojulikana, pakiti mbili za kumi kila mwezi, bila yeye kuomba. Kuomba fedha za pedi kwa mtu aliyenuna nusu saa iliyopita ni chanzo cha ugomvi kinachoepukika kabisa.

Namna ya kuongea

Usimjibu wakati moto umewaka. Akipandisha sauti, sema mara moja tu: "Nimekusikia, mwanangu. Tutaongea baada ya kula." Kisha uondoke wewe, maana ukimfukuza yeye umeanzisha ugomvi wa pili. Mwili wake unahitaji muda kushuka. Dakika 20 hadi 30 bila maneno hufanya kazi kuliko mawaidha ya saa nzima. Ukirudi, anza na ulichokiona, si na tabia yake: "Leo umerudi hukula. Kuna jambo?" Maswali ya "kwa nini" humfanya ajitetee. Kuongea mkichambua mchele au mkitembea kwenda dukani ni rahisi kwake kuliko kukaa ana kwa ana.

Kosa ni kosa hata siku ya 27. Kumtukana mdogo wake kunadaiwa msamaha, na kazi yake ya nyumbani inabaki yake. Unachobadilisha ni wakati: mjadala wa matokeo ya mtihani usiuweke ndani ya zile siku 5 kama daftari limeonyesha ni nzito. Na sentensi "uko kwenye siku zako nini?" isitamkwe nyumbani kwako na yeyote. Inamfundisha kwamba lalamiko lake halitasikilizwa, na siku akiwa na la kweli hatalileta.

Baba asijitenge. Wengi hukata mazungumzo ghafla binti anapobalehe, kwa haya au heshima, na binti husoma kwamba amekosa. Salamu, habari za shule na mzaha wa zamani viendelee. Kama kuna mambo anaona aibu kumwambia mama, mila zetu za pwani zilishaliona hilo na kumpa somo. Mchague mtu huyo kwa makini: shangazi au bibi anayetunza siri, asiyemfundisha kwamba damu imemfanya mtu mzima wa kuolewa.

Aliyebalehe mapema kuliko wenzake anahitaji ulinzi zaidi. Mwili wa miaka 14 kwenye mtoto wa miaka 10 huvuta macho na mikono ya watu wazima, na mabinti hawa hupata sonona zaidi. Mtendee kwa umri wake, si kwa kifua chake.

Yasiyosubiri mizunguko mitatu

Huzuni au kukosa raha karibu kila siku kwa wiki mbili si ya hedhi, mpeleke. Vivyo hivyo kujikata, kusema afadhali afe, kutokula kwa makusudi au kutapika baada ya kula. Akitaja kujiua, mwulize moja kwa moja kama amepanga namna. Kuuliza hakuliingizi wazo hilo kichwani mwake. Ondoa dawa na sumu za panya au za shambani, usimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni ya bure Tanzania na Kenya.

Mabadiliko ya ghafla yasiyofuata kalenda, kumwogopa mtu fulani, zawadi au simu isiyo na maelezo, kukataa njia aliyoizoea: fikiria kwamba kuna anayemdhuru. Ikiwa amebakwa, afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, ambamo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado zinaweza kuanzwa. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofaa. Asioge wala kufua nguo kwanza, lakini kama ameshaoga aende vile vile. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Yafuatayo hayana haraka ya saa, ila yapimwe: matiti kuota kabla ya miaka 8, kutokuwa na matiti akifika 13, kutopata hedhi akifika 15, hedhi kupotea zaidi ya siku 90, damu kuzidi siku 7 au kulowesha pedi kila saa moja au mbili.

Kwa binti ambaye daftari limeonyesha wazi dalili za kabla ya hedhi, na zinamkosesha shule au kuvunja urafiki wake, kuna tiba: mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, vidonge vya homoni vinavyotumika pia kupanga uzazi, au dawa za sonona kama fluoxetine kwa uangalizi wa karibu. Nendeni na daftari, na mwache aongee na mtabibu peke yake kwa dakika kumi kabla hujaingia. Akipewa dawa, aendelee kuandika kwa mizunguko mingine miwili, kwa namba zile zile, ili mtabibu alinganishe kabla na baada.